Klachi Imeisha, au Imekataa Kuachia? Kuelewa na kubadilisha klachi ya gari la zamani nyumbani

Siku ya kwanza nilipoambiwa klachi ya Corolla yangu imeisha, haikuwa imeisha. Gia zilikuwa zinakwama asubuhi, rivasi inalia krrr kila ninapoiingiza, na pedali inazama chini kama nimekanyaga mkate. Gereji moja walishusha gia boksi, wakafunga klachi pleti mpya, wakanikabidhi gari. Siku ya tatu, nikiwa Tabata Relini kwenye foleni, rivasi ikalia tena krrr ileile. Tatizo lilikuwa kipira kidogo ndani ya silinda ya chini ya klachi, ile ambayo mafundi huiita sleva. Silinda hiyo inashikwa na bolti mbili tu kwa nje, na kuitoa hakuhitaji kugusa gia boksi hata kidogo. Niliidai klachi pleti yangu ya zamani, nikaletewa imefungwa kwenye gazeti. Lainingi zake, yaani lile tabaka la kusugua lililobandikwa juu yake, zilikuwa bado nene.

Kilichoniuma kuliko fedha ni kwamba hakuna aliyekaa kwenye kiti na kukanyaga pedali kabla ya kushika spana.

Miaka minne baadaye klachi ikaisha kweli. Tulikuwa tunatoka kwenye pantoni upande wa Magogoni, gari linapanda ile njia ya kutokea kivukoni, injini inapiga kelele kama niko kasi ya 80 na gari lenyewe linatambaa. Harufu ya kuungua ikaingia ndani, ile harufu kali inayokaa puani mpaka kesho yake. Rivasi safari hii haikulia hata mara moja. Gari lilelile, dereva yuleyule, lakini ugonjwa mwingine kabisa.

Nataka kutenganisha magonjwa hayo mawili, halafu nieleze jinsi tulivyoibadilisha klachi hiyo nyumbani Tabata, kwenye uwanja wa mchanga, mimi na jirani yangu, mzee aliyefanya ufundi wa mabasi kwa miaka mingi. Vipimo nitakavyotaja ni vya Corolla za miaka ya 1990 zinazovutwa na matairi ya mbele. Gari lako likiwa jingine, mambo yanakwenda hivyohivyo, ila tafuta vipimo vyake lenyewe.

Inavyoshika na inavyoachia

Mwishoni mwa injini, upande wa gia boksi, kuna flaiwili, sahani nzito ya chuma inayozunguka muda wote injini inapowaka. Juu yake imefungwa presha pleti kwa bolti sita. Katikati ya hizo mbili inakaa klachi pleti, na hii haijafungwa kwa bolti yoyote. Imevaa tu meno ya shafti inayoingia kwenye gia boksi, na inaweza kusogea mbele na nyuma juu ya meno hayo.

Mwombe mwenzako aibane sahani ya bati kati ya viganja vyake viwili, halafu wewe jaribu kuizungusha. Akibana sana, sahani haikutoki bila mikono yake kuifuata. Akilegeza, sahani inazunguka peke yake. Akiwa na mafuta viganjani, abane atakavyobana, itamponyoka. Hiyo ndiyo klachi yote.

Anayebana kwenye gari ni springi moja bapa iliyo ndani ya presha pleti, yenye umbo la sahani iliyobinuka kidogo na vidole vingi vinavyoelekea katikati. Na hapa ndipo wengi wanapoelewa kinyume. Usipogusa pedali, klachi imebana. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inakwenda kwenye klachi masta, ile silinda ya juu karibu na pedali, inasukuma breki fluidi mpaka silinda ya chini, silinda inasukuma foku, wenzo ulio ndani, foku inasukuma rilizi beringi, na beringi inavikandamiza vile vidole vya springi ili presha pleti irudi nyuma. Mguu wako haubani chochote. Kazi yake ni kuachisha.

Ukilishika hilo, magonjwa mawili yanajitenga. La kwanza ni kuteleza: springi inabana lakini klachi pleti, ile sahani ya katikati, inaponyoka. Sababu ziko huko ndani, nazo ni lainingi kuisha, oili kuingia kwenye lainingi, au springi kuchoka kwa joto. Iko pia sababu ya nje, nayo ni pedali iliyokazwa mpaka haina mchezo wowote, yaani nafasi ya kusogea bure, hivyo beringi inakuwa imeegemea vidole muda wote, kama mtu aliyeacha mguu kwenye pedali. La pili ni kutoachia: unakanyaga, lakini sahani inaendelea kuburuzwa na injini. Hapo mara nyingi tatizo liko njiani, kati ya mguu na beringi: hewa kwenye bomba, kipira kilichochoka, foku iliyopinda. Mara chache ni klachi pleti iliyopinda au iliyoganda kwenye meno ya shafti kwa kutu, jambo linaloweza kulipata gari lililokaa muda mrefu bila kuwashwa katika unyevu wa pwani yetu.

Kuteleza mara nyingi kunakupeleka kwenye gia boksi. Kutoachia mara nyingi hakukupeleki.

Kabla ya kushika spana

Anza na ya kutoachia, maana ndiyo rahisi. Washa injini, gari likiwa limesimama. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu taratibu mpaka tano, kisha ingiza rivasi. Kwenye magari mengi ya zamani rivasi haina kile kifaa cha ndani kinachosawazisha mwendo wa gia, kwa hiyo ndiyo gia inayosema ukweli. Ikilia, sahani bado inazunguka. Zima injini, jaribu gia zote. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa inawaka, klachi haiachii. Zikigoma hali zote mbili, angalia kebo za gia.

Sasa pampu pedali mara tano au sita harakaharaka, uingize rivasi tena. Ikiingia vizuri, karibu umeshapata jibu: kuna hewa kwenye mfumo au kipira cha masta au cha sleva kimechoka. Fungua boneti, umwombe mtu akanyage pedali wakati wewe unatazama ile fimbo ya sleva inayosukuma foku. Vua kipira cha vumbi kwenye sleva. Kikiwa kimelowa ndani, umemaliza uchunguzi wako bila hata kulaza mgongo chini.

Kuna dalili moja ambayo sijawahi kusikia ikisemwa gereji, nayo inaniokolea muda mwingi. Breki pedi zikiisha, fluidi kwenye chupa ya breki hushuka taratibu, kwa sababu pistoni zinasogea nje kufuata pedi. Klachi ni kinyume chake. Sahani inapopungua unene, vidole vya springi vinarudi kuelekea gia boksi, vinaisukuma pistoni ya sleva ndani, na fluidi inapanda kidogo. Kwa hiyo chupa ya klachi inayopungua haikuambii kwamba klachi inaisha. Inakuambia kuna mahali panavuja. Kuongeza kila wiki ni kuahirisha tu.

Kuteleza kunapimwa barabarani. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka kisicho na watu, alfajiri ni bora, nenda kasi ya 50 au 60 kwenye gia ya nne, kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho. Mshale wa mizunguko ya injini ukiruka juu na mwendo kubaki palepale, klachi inateleza. Fanya mara moja au mbili, basi, maana kila jaribio linakula kidogo kilichobaki. Mwanzoni klachi huteleza kwenye gia za juu tu, gari likiwa limebeba watu au linapanda kilima kama pale Kimara, na dereva husema gari limechoka, halina nguvu. Wapo waliobadilisha plagi na pampu ya mafuta kwa sababu ya klachi.

Kelele nazo zina lugha yake. Ikilia unapogusa pedali na kunyamaza unapoachia, ni rilizi beringi. Ikilia gari likiwa silensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, na kunyamaza unapokanyaga klachi, ni beringi ya shafti ndani ya gia boksi, na klachi mpya haitaiponya. Gari likitetemeka tu wakati wa kuondoka, tazama maunting za injini, vile vishikizo vya mpira vinavyoibeba, kabla ya kulaumu klachi. Maunting iliyochanika huiacha injini irukeruke, na mtetemo unafanana sana.

Spea

Ukishusha gia boksi nyumbani, umeuza siku yako nzima na mgongo wako. Kwa hiyo funga vitu vitatu kwa pamoja, klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi, hata kama beringi ya zamani inazunguka kimya mkononi. Ongeza sili, vile vipira vinavyozuia oili isivuje: ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, ya shafti ya gia boksi, na mbili za draivu shafti, zile fimbo zinazozungusha matairi. Sili ni vitu vya bei ndogo, na moja ikivuja inaharibu sahani mpya kabla ya mwaka kuisha.

Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, utapata boksi zenye majina makubwa kwa bei zinazopishana mno, na majina hayo huigwa. Usinunue kwa jina la gari pekee. Chukua namba ya modeli kwenye kibati kilicho ndani ya boneti, na uombe kufungua boksi. Pima kipenyo cha sahani kwa rula. Kwenye Corolla zipo za milimita 200 na zipo za milimita 212, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Hesabu meno ya kitovu. Tazama ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia lainingi: kwenye sahani nzuri zimezama chini ya lainingi kwa kina kimoja pande zote. Zungusha beringi karibu na sikio. Za mtumba kutoka Shaurimoyo nazinunua bila wasiwasi zikiwa maunting au flaiwili, lakini klachi pleti ya mtumba sinunui. Huwezi kujua ilibalansiwa, yaani ilishikilia gari lisirudi nyuma, kwenye vilima vingapi.

Uwanja wa mchanga

Mchanga wa Dar ndio hatari ya kwanza. Jeki inaonekana imesimama, gari linapanda, halafu mguu wa jeki unazama upande mmoja taratibu usione. Tulilaza vipande vya mbao nene, kila kimoja upana wa viganja vitatu, chini ya jeki na chini ya kila stendi. Mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, breki ya mkono juu. Stendi ziwe za chuma. Bloku za saruji, ambazo kila uwanja unazo, zisikae chini ya gari ambalo mtu atalala chini yake, kwa sababu bloku haichaniki polepole. Inapasuka ghafla. Baada ya kuweka stendi tulilisukuma gari kwa nguvu kutoka ubavuni, kabla mtu hajaingia chini. Kama litaanguka, lianguke sasa.

Jioni iliyotangulia nilipulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote za chini. Hewa ya chumvi huku kwetu inazishika bolti za boli jointi, kile kiungo kilicho kwenye mkono wa chini wa tairi, kana kwamba zimechomelewa, na usiku mmoja wa kulowa unakuondolea saa nzima ya kupigana.

Kisha kuna vumbi. Vumbi la klachi za zamani linaweza kuwa na asbesto. Japani ilipiga marufuku lainingi za breki na klachi zenye asbesto mwaka 2004, kwa hiyo gari la kabla ya hapo, au lililofungwa spea isiyojulikana, lichukulie kuwa nayo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Usipulize nyumba ya klachi kwa kompresa kama tunavyoona gereji nyingi. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kiingie kwenye mfuko na kutupwa, watoto wakae mbali. Mzee aliniambia neno moja tu juu ya hilo: "Mwanangu, sisi tulipuliza miaka yote, na wenzangu wawili walikufa wakikohoa." Sijui waliugua nini. Nililowesha mara mbili.

Kushusha

Waya hasi wa betri kwanza, kisha betri yenyewe na boksi la hewa safi vitoke ili mikono ipite. Stata inashikwa na bolti mbili. Kebo za gia zinatoka kwa klipu, usizivute kwa bisibisi kwa nguvu maana vichwa vyake ni vya plastiki. Soketi ya taa ya rivasi, kebo ya spidi, waya wa athi. Sleva itoe kwa bolti zake bila kufungua bomba, uifunge pembeni kwa waya. Kuanzia hapo mtu asikanyage pedali, pistoni itaruka nje. Tuliweka tofali nyuma ya pedali, kwa sababu watoto wa jirani hupenda kukaa kwenye usukani.

Mwaga oili ya gia boksi kwenye chombo safi na uiangalie juani. Ungaunga wa chuma wa kijivu ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida, na ni bora kulijua hilo kabla ya kufunga klachi mpya kwenye gia boksi inayokufa.

Kuhusu draivu shafti sitasema mengi. Fungua bolti tatu za boli jointi kwenye mkono wa chini, nako, kile chuma kinachobeba tairi, itasogea nje, na shafti itachomoka kwenye gia boksi kwa kubanduliwa kwa wenzo upande wa ndani. Ifunge kwa waya isining'inie.

Sehemu ya kufikiri ni injini. Maunting ya upande wa gia boksi ikitoka, injini inabaki imeegemea upande mmoja. Tulilaza mbao ya inchi 4 kwa 4 juu ya injini, ncha zake zikikaa kwenye chuma cha chesisi chini ya fenda na si kwenye bati la fenda, tukafunga mnyororo kwenye ndoano ya injini, na jeki yenye kipande cha mbao chini ya sampo, lile bakuli la oili la injini, kama akiba. Ukitegemea jeki peke yake chini ya sampo unaweza kuibonyeza, na sampo iliyobonyea inaziba njia ya oili.

Gia boksi ya Corolla ina kama kilo 30. Haionekani nzito mpaka uwe umelala chali nayo juu ya kifua. Bolti za mwisho mbili ziache zimeshika kwa nyuzi chache, weka jeki ya pili chini yake, kisha toa. Ivute moja kwa moja kuelekea upande wa tairi, ikiwa imenyooka. Kama uzito wake utaning'inia kwenye shafti iliyo bado ndani ya klachi pleti, utapinda kitovu cha sahani. Wakati wa kutoa haijalishi sana, sahani ni ya kutupa. Wakati wa kurudisha, kosa hilohilo linaua sahani mpya kabla haijazunguka hata mara moja.

Kinachoonekana ndani

Hapa usikimbilie kufunga. Hii ndiyo nafasi pekee ya kuuliza klachi imekufaje.

Fungua bolti sita za presha pleti kwa msalaba, kila moja mzunguko mmoja mmoja, ili springi ilegee sawasawa. Sahani yangu ilidondoka mkononi nyepesi kuliko nilivyotarajia. Upande mmoja ribiti zilikuwa zimefika usawa wa lainingi. Toyota wanataka angalau milimita 0.3 kutoka juu ya lainingi mpaka kichwa cha ribiti, na mimi nilikuwa na sifuri. Ribiti zilikuwa zimeanza kuchora mstari mwembamba unaong'aa kwenye flaiwili. Vidole vya springi vilikuwa vimelika pale beringi inapogusa, na kwenye uso wa presha pleti kulikuwa na mabaka ya buluu, rangi ambayo chuma hupata kikiungua. Mzee alipitisha kucha juu ya mabaka yale, akasema, "Hapa ulikuwa unabalansi kwa mguu badala ya breki ya mkono." Ilikuwa kweli. Kila siku, kwenye foleni ya kupanda.

Tafuta unyevu. Ukikuta oili, inuse. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa, kama kiberiti kilichowashwa muda huo, na inatokea kwenye sili ya shafti. Oili ya injini ni nyeusi zaidi, haina harufu hiyo, na inatokea nyuma ya flaiwili, kwenye sili ya krenki. Kubadilisha sahani bila kujua oili imetoka wapi ni kurudi hapohapo baada ya miezi.

Flaiwili ipitishie kucha. Ikiteleza bila kukwama, kusugua kwa msasa laini kwa mizunguko ya duara na kuosha kwa maji ya kusafishia breki kunatosha. Kucha ikikwama kwenye mstari, au ukiona nyufa, peleka kwa wakereza vyuma ikakerezwe. Yangu ilikwenda. Tulipoteza nusu siku, na giza likatukuta.

Kurudisha

Osha kwanza. Presha pleti mpya na flaiwili mpya au iliyokerezwa huja na mafuta ya kuzuia kutu, na viganja vyenye mafuta havibani.

Klachi pleti ina mbele na nyuma. Kwa kawaida upande wenye kitovu kilichochomoza na springi ndogo huangalia gia boksi, na nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili. Soma, kisha soma tena. Ikiwekwa kinyume, kitovu kinaweza kugonga bolti za flaiwili na klachi haitaachia kamwe.

Sahani lazima ikae katikati kabisa, kwa sababu shafti ya gia boksi itapita kwenye kitovu chake bila kuona. Boksi nyingi zina fimbo ya plastiki ya kazi hiyo. Yetu haikuwa nayo. Mzee alichukua mpini wa ufagio, akauzungushia utepe mpaka ukaingia kwenye tundu la krenki bila kucheza, akazungushia mwingine mpaka ukajaa kitovu cha sahani. Uliingia na kutoka kwa mkono mmoja.

Kaza bolti za presha pleti kwa msalaba, kidogo kidogo, mpaka nyutonimita 19. Ni nguvu ndogo kuliko mkono wa fundi unavyotaka kutoa, kwa hiyo tafuta toku renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, hata ya kuazima. Grisi ya joto kali ipake nyembamba sana kwenye meno ya shafti, mahali foku inapoegemea na ndani ya beringi, kisha ifute mpaka ibaki kama kivuli. Inayozidi itarushwa kwenye lainingi injini ikizunguka.

Kupandisha gia boksi kulituchukua saa nzima. Inapanda, inagusa, inakataa. Weka gia yoyote, zungusha taratibu pale draivu shafti inapoingia ili meno ya shafti yatafute meno ya sahani, na uitikise kwa usawa. Ikikubali inaingia yenyewe mpaka nyuso mbili za chuma zigusane kwa nguvu ya mikono tu. Ikibaki nafasi ya kidole, usivute kwa bolti. Sahani haiko katikati au gia boksi imeinama, na bolti zitapasua nyumba ya aluminiamu. Mara ya tatu niliichukua bolti mkononi. Mzee akanishika kifundo. "Subiri, mwanangu." Tulishusha jeki kama sentimita moja, ikaingia.

Maunting irudi kabla mbao na mnyororo havijatoka. Jaza oili ya gia ya 75W-90, ya daraja la GL-4, kupitia tundu la ubavuni mpaka ianze kumwagika gari likiwa limenyooka. Corolla hii inameza pungufu kidogo ya lita 2. Rudisha sleva, toa hewa kwa kufungua nipo yake, ile skrubu ndogo ya kutolea hewa, huku mwenzako akishikilia pedali chini na kuiachia pale tu unapokwisha kuifunga, ukiongeza breki fluidi mpya kabla chupa haijakauka. Mwisho, pedali iwe na mchezo wa milimita 5 mpaka 15 kabla ya kuanza kuhisi uzito. Kukosa mchezo huo ndiko kunakorudisha kuteleza kwenye klachi mpya.

Niliwasha injini gari likiwa bado juu ya stendi, nikapita gia zote, kisha rivasi. Kimya. Kwa kilomita 500 za kwanza niliendesha polepole, bila kuvuta mtu wala kupanda na mzigo, ili nyuso mpya zizoeane. Usiku ule nililaza kipande cha boksi chini ya gia boksi. Asubuhi kilikuwa kimekauka, isipokuwa tone moja upande wa draivu shafti ya kushoto, na jioni yake tukawa chini ya gari tena na sili nyingine mkononi.